Afande Hasikii, Si Kwamba Hataki

Somo kwa vikundi vya kujisaidia: wanajeshi wastaafu na vifaa vya kusikia



"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Methali hii huwa tunawaambia watu wakaidi. Lakini katika vijiji vyetu kuna watu ambao hawasikii la mkuu wala la mtoto, na si kwa ukaidi. Masikio yao yaliumia. Baadhi yao waliumia kazini, wakiwa wamevaa nguo za Serikali, wakilinda mipaka yetu au wakiwa wametumwa nchi za watu kutunza amani.

Somo hili linahusu wanajeshi wastaafu wasiosikia vizuri, na ile mashine ndogo ya kuwasaidia ambayo tutaiita kifaa cha kusikia. Somo lafaa mkutano mmoja wa muda wa saa mbili hivi. Likiwa refu kwenu, ligaweni mara mbili. Kiongozi alisome lote kwanza kabla ya kuwafundisha wengine.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo, kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa nini masikio ya mwanajeshi huharibika.
2. Kumtambua jirani asiyesikia vizuri na kumwelekeza mahali pa kupimwa.
3. Kueleza kifaa cha kusikia kinafanya nini na hakifanyi nini.
4. Kushiriki kupanga namna kikundi kitakavyosaidia bila kumwaibisha mtu.

MCHEZO MFUPI WA KUANZIA

Chagueni watu wanne: Mwenyekiti, Afande (mwanajeshi mstaafu ambaye ni mweka hazina), Mwanakikundi, na Mke wa Afande. Wengine watazame bila kucheka sana.

(Mkutano wa kikundi. Mvua inapiga mabati. Watu wanaongea pamoja.)

MWANAKIKUNDI: Afande, leo naweka shilingi sitini.
AFANDE: (Anaandika) Tisini. Asante mama.
MWANAKIKUNDI: Sitini, Afande!
AFANDE: Ndiyo, tisini, nimeandika. Mbona unanipigia kelele?
MWENYEKITI: (Baada ya kuhesabu) Kitabu kinasema tisini, sanduku lina sitini. Thelathini ziko wapi?

(Watu wanaangaliana. Wawili wananong'ona. Afande hasikii wanachosema, lakini macho yao anayaona. Anafunga kitabu.)

AFANDE: Tafuteni mtu mwingine wa kazi hii.

(Nyumbani. Redio iko juu mpaka kwa jirani taarifa ya habari inasikika.)

MKE: Baba watoto, mkutano ulikuwaje?
AFANDE: (Kimya. Anatazama ukuta.)
MKE: Haya, siku hizi hata salamu hunijibu. Nimekukosea nini?

Mchezo umekwisha. Kiongozi aulize:
- Tumeona nini? Nani mwenye makosa?
- Je, pesa zimeibwa?
- Mambo kama haya yametokea kwetu? (Msitaje majina.)
- Kwa nini Afande hakusema tu, "Sisikii vizuri"?

Wapeni watu nafasi ya kuongea. Mara nyingi akina mama ndio watakaoanza, kwa sababu ndio wanaoishi na shida hii nyumbani.

KWA NINI "SITINI" IKAWA "TISINI"

Hebu semeni polepole: sitini, tisini. Mnaona? Sauti za irabu ni zile zile, i-i-i. Tofauti iko kwenye s na t tu, na sauti hizo ni nyembamba, za juu, zenye nguvu kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa sita na tisa, na kwa paka, taka na kaka.

Masikio yaliyoumizwa na kelele hupoteza kwanza sauti hizo nyembamba. Sauti nene hubaki. Ndiyo sababu mzee anasikia gari likija, anasikia ng'ombe akilia, anasikia hata kwamba unaongea, lakini haelewi unachosema. Watu husema, "Huyu anasikia akitaka." Hapana. Anasikia nusu ya neno, na nusu nyingine anaikisia. Pakiwa kimya na akiona midomo yako, anakisia vizuri. Mvua ikipiga mabati, anakosea.

NDANI YA SIKIO KUNA NINI

Sauti huingia kwa tundu la sikio na kugonga ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Ngoma hiyo hutikisa vijifupa vitatu vidogo sana. Vijifupa hivyo hupeleka mtikisiko ndani zaidi, kwenye kijumba kilichojikunja kama gamba la konokono na kujaa maji. Humo mna chembechembe zenye vinyweleo vidogo, kama elfu kumi na tano hivi katika kila sikio. Vinyweleo vikitikiswa, ujumbe huenda kwenye ubongo, nasi twasema tumesikia.

Fikiria shamba la ngano. Upepo wa kawaida ukipita, ngano huinama na kuinuka. Mvua ya mawe ikipiga, ngano hulala na haiinuki tena. Vinyweleo vya sikio ni hivyo hivyo. Vikishakufa, havioti tena maisha yote. Hakuna dawa ya kumeza wala ya kutia sikioni itakayoviotesha. Anayekuuzia dawa ya namna hiyo sokoni anakula pesa zako.

Kelele hupimwa kwa kipimo kinachoitwa desibeli. Watu wakiongea kwa kawaida ni kama 60. Kelele ya 85 inaweza kuvumiliwa kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila ikiongezeka kwa 3, muda huo hupunguzwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Mlio wa bunduki ya vita hupita 140 kwa mbali. Hapo hakuna tena habari ya muda. Mlio mmoja tu karibu na sikio lisilozibwa unaweza kuleta madhara.

Sasa mhesabie mwanajeshi: mazoezi ya shabaha mwaka baada ya mwaka, mizinga, mabomu, magari ya deraya, helikopta, jenereta za kambini. Anayelenga kwa bega la kulia mara nyingi huumia zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki, huku la kulia likikingwa na kichwa.

Wazee wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili walirudi mwaka 1945 na masikio yakivuma, na wengi waliingia kaburini bila kupimwa hata siku moja. Baada yao wakaja waliotumikia kaskazini mwa nchi miaka ya 1960, waliotumwa kutunza amani Namibia mwaka 1989, Yugoslavia mwaka 1992 na Sierra Leone tangu 1999. Kisha wakaja walioingia Somalia tangu Oktoba 2011. Kwa hiyo tusidhani habari hii ni ya vikongwe tu. Mwanajeshi hustaafu mapema, akiwa bado na nguvu ya kulima na kusomesha watoto. Ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na masikio hayo.

Wengine hawapotezi usikivu tu, bali pia husikia mlio usiokoma masikioni: filimbi, nyenje, au mvumo wa maji, hasa usiku. Huo si uchawi wala wazimu. Ni jambo la kawaida kwa watu walioumizwa na kelele. Marekani, mlio wa masikioni ndio ulemavu unaolipiwa fidia kwa wanajeshi wastaafu wengi kuliko ulemavu mwingine wowote, zaidi ya watu milioni 2. Kwa hiyo Afande asione ni yeye peke yake duniani.

TUTAMJUAJE?

Dalili za kuangalia:
- Anauliza "nini?" mara kwa mara, au anajibu jambo ambalo hukuuliza.
- Anaongeza redio au televisheni mpaka wengine wanatoka nje.
- Anatazama sana midomo ya anayeongea.
- Anaongea kwa sauti kubwa kupita kawaida.
- Hashiki simu. Anampa mtoto aongee.
- Ameacha kwenda mikutanoni, kanisani, hata matangani.
- Pikipiki inampigia honi naye hasogei.

Hii ya mwisho si ya kuchekesha. Watu wamegongwa barabarani kwa sababu hiyo.

Kuna pia kipimo chepesi cha kunong'ona. Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako. Azibe sikio moja kwa kidole na kulisugua taratibu. Wewe pumua nje kwanza, kisha nong'ona namba tatu, kwa mfano 6, 2, 9. Azirudie. Akikosea, nong'ona namba tatu nyingine. Ikiwa kati ya hizo sita amepata chini ya tatu, sikio hilo linahitaji kupimwa hospitalini. Rudia sikio la pili kwa namba nyingine.

Tafadhali, kipimo hiki hakisemi ugonjwa ni upi. Kinatuambia tu, "Huyu aende akapimwe."

SAFARI YA HOSPITALI

Si kila asiyesikia anahitaji mashine. Wengine sikio limezibwa tu na nta, na wakisafishwa na muuguzi hurudi nyumbani wanasikia. Wengine wana usaha, au ngoma ya sikio imetoboka. Wengine waliharibiwa na dawa, kwa mfano baadhi ya sindano zilizotumika kutibu kifua kikuu. Ndiyo sababu hatuanzi kwa kununua. Tunaanza kwa kuangaliwa.

Hatua ya kwanza: zahanati au kituo cha afya. Afisa wa kliniki ataangalia ndani ya sikio kwa taa. Asitie mtu njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, mafuta ya moto wala mafuta ya taa. Tumeona masikio mangapi yakitobolewa namna hiyo!

Hatua ya pili: barua ya kumpeleka hospitali kubwa yenye mtaalamu wa masikio, pua na koo. Hospitali kadhaa za kaunti wanaye, na Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Piga simu uulize kliniki hiyo iko siku gani, usije ukapoteza nauli.

Hatua ya tatu: kupimwa usikivu. Anakaa kwenye chumba kimya, anavaa vyombo vya masikioni, na kila asikiapo mlio mdogo anabonyeza kitufe au kuinua mkono. Haiumi. Matokeo huchorwa kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani husema mtu ambaye sikio lake zuri zaidi halisikii sauti iliyo chini ya desibeli 35 anahitaji huduma. Karatasi hiyo ni mali yake. Aitunze pamoja na kitambulisho, na atoe nakala.

Angalieni: mtu akipoteza usikivu ghafla, kwa siku moja au tatu, asingoje mkutano wa kikundi. Aende hospitali siku hiyo hiyo, maana matibabu ya mapema yanaweza kuokoa sikio. Vivyo hivyo akitoka damu au usaha, akipata kizunguzungu kikali, au ikiwa ni sikio moja tu linalozidi kuziba.

KARATASI ZA AFANDE

Mwanajeshi mstaafu ana milango kadhaa ya kubisha. Asibishe mmoja tu.

Kwanza, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza lina maafisa katika kaunti. Mtu hupimwa kwanza katika hospitali ya Serikali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na kupewa kadi. Liko pia fungu la kusaidia vifaa kwa wenye ulemavu. Maombi ni mengi kuliko vifaa, kwa hiyo anayeomba mapema na kufuatilia ndiye ana nafasi. Wengine hukataa kwa sababu ya neno "ulemavu". Waambieni kadi haimpunguzii mtu cheo chake.

Pili, wenzake wa jeshi. Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, ndicho mahali pa kuuliza habari za haki zao. Mwaka 2022 Kenya ilipata pia sheria maalum inayohusu maveterani wa jeshi. Afande aulize, kwa barua, sheria hiyo inampa nini yeye na alikoumia. Aambatanishe nakala ya cheti cha kuondoka jeshini, namba yake ya utumishi, na karatasi ya kupimwa. Kama hakupimwa masikio siku ya kuondoka, kuthibitisha kwamba aliumia kazini ni kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana tunawaambia vijana walioko jeshini sasa: zibeni masikio mazoezini, na mdai kupimwa kabla ya kuvua sare.

Tatu, bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kabla ya kulipa chochote mfukoni, aulize hospitalini bima inagharamia kipimo kipi na kifaa kipi, na kiasi gani.

Ukiombwa pesa katika ofisi yoyote, omba risiti. Kuuliza si ujinga.

KIFAA CHENYEWE

Kifaa cha kusikia kina vitu vinne: maikrofoni ya kupokea sauti, kikuza sauti, spika ndogo ya kuipeleka sikioni, na betri. Vya siku hizi vina kompyuta ndogo ndani. Mtaalamu huitengeneza kulingana na ile karatasi ya kupimwa, ili iongeze zile sauti nyembamba zilizopotea na kuacha zile ambazo bado husikika.

Hapo ndipo tunapata jibu la swali ambalo huulizwa kila mara: "Si ninunue ile ya bei rahisi inayouzwa mtaani?" Ile hukuza kila kitu pamoja, s na t, pamoja na mvua na injini ya posho. Ni kama miwani ya jirani. Huenda ukaona kidogo, huenda ukaumwa na kichwa. Nyingine hukuza sauti kubwa mno hata kuharibu sikio lililobaki.

Kifaa cha aina ya kukaa nyuma ya sikio ndicho kinachofaa watu wengi kijijini. Ni imara, na ni rahisi kushika kwa vidole vya mzee. Kimeunganishwa kwa mrija na kipande kilichofinyangwa kufuata umbo la sikio lake. Kipande hicho ni chake peke yake. Asimwazime ndugu.

Bei hutofautiana sana. Kwa kununua, kifaa kimoja huanzia makumi ya maelfu ya shilingi. Hudumu kama miaka mitano kikitunzwa vizuri. Si ajabu basi kwamba, kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, kati ya watu 100 duniani wanaohitaji vifaa hivi ni 17 tu wanaovitumia. Lakini nchi zikiamua, inawezekana. Uingereza ilianza mwaka 1948 kugawa bure kifaa kilichobuniwa na wanasayansi wa Serikali, na Marekani huwapa wanajeshi wake wastaafu vifaa na betri bila malipo. Sisi pia tunaweza kudai, na tukiwa tunadai, tuweke akiba.

MWEZI WA KWANZA NDIO MGUMU

Vifaa vingi huishia kwenye droo. Afande anavaa siku ya kwanza, anasikia kelele za vijiko, karatasi, kuku, na sauti yake mwenyewe kama iko kwenye debe. Anavua. Anasema, "Ni takataka."

Kifaa si kama miwani. Ubongo ulizoea kimya kwa miaka mingi, na sasa unafundishwa upya. Kwa hiyo:

Wiki ya kwanza: avae nyumbani, mahali kimya, muda wa saa moja au mbili kwa siku, akiongea na mtu mmoja.
Wiki ya pili: aongeze muda. Aongee na watu wawili watatu.
Wiki ya tatu: atoke nje, aende dukani.
Wiki ya nne: mkutano wa kikundi, akikaa mbele.

Kisha arudi kwa mtaalamu kurekebishiwa. Safari hii ya pili ndiyo watu huiacha kwa sababu ya nauli, na ndiyo inayookoa kifaa. Kikundi kikisaidia jambo moja tu, kisaidie nauli hiyo.

Tumwambie ukweli pia: kifaa hakirudishi sikio la ujana. Kwenye kelele nyingi bado atapata taabu. Kwa wengine kinatuliza na ule mlio wa masikioni, kwa wengine hapana. Na aliyepoteza usikivu karibu wote huenda asisaidike na kifaa. Huyo tutumie maandishi, ujumbe wa simu, na Lugha ya Ishara ya Kenya.

KUTUNZA

- Usiku avue, afungue mlango wa betri, na kuweka kifaa kwenye kikopo chenye kifuniko, mbali na watoto, mbwa na moshi wa jikoni.
- Kisiguse maji. Avue kabla ya kuoga na mvua ikimkuta njiani. Jasho alipanguse kwa kitambaa kikavu.
- Kile kipande cha sikioni kitengwe na mashine, kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na kikauke kabisa ndipo kirudishwe.
- Kikipiga mluzi, mara nyingi hakikukaa vizuri sikioni, au sikio lina nta, au kipande kimelegea.
- Kikinyamaza, angalia betri kwanza, kisha kama mrija umeziba.

Betri zake ni vidonge vidogo vyenye namba na rangi: 10 ni manjano, 312 ni kahawia, 13 ni chungwa, na 675 ni buluu. Akariri rangi yake. Ukibandua kile kikaratasi, hewa huingia na betri huanza kazi. Ngoja kama dakika moja kabla ya kuitia. Ikishabanduliwa, inaendelea kuisha hata ukirudisha kikaratasi, kwa hiyo usibandue mbili pamoja. Mtoto akimeza betri, kimbieni hospitali mara moja.

Vipo vifaa vya kuchaji kama simu. Vinafaa penye umeme au sola ya uhakika kila usiku.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hebu tupige hesabu. Betri namba 13 hudumu kati ya wiki moja na mbili, kulingana na matumizi. Tuseme siku 10. Mwaka una siku 365. Sikio moja litakula betri 37. Masikio mawili, kama 74. Ulizeni bei ya betri moja mjini, zidisheni kwa 74, gawanyeni kwa miezi 12. Hiyo ndiyo gharama ya Afande kila mwezi baada ya kupata kifaa, hata kama kifaa chenyewe amepewa bure. Msipoihesabu sasa, kifaa kitanyamaza mwezi wa tatu.

Mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya:
1. Kuorodhesha wasiosikia vizuri katika kijiji, wawe wanajeshi, polisi, wenye posho, maseremala au wachimba mawe. Kelele haiulizi sare.
2. Kuwaomba hospitali ya kaunti na afisa wa Baraza waje siku moja kupima watu wengi pamoja. Watu 30 wakingoja mahali pamoja, afisa ana sababu ya kuja.
3. Kufungua mfuko mdogo wa nauli na betri. Haba na haba hujaza kibaba. Afande mwenyewe achange pia, maana ana pensheni na ana heshima yake.
4. Kununua betri kwa pamoja mjini, mkiangalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa.
5. Kubadilisha desturi za mkutano: mtu mmoja aongee kwa zamu; anayeongea atazame watu na asizibe mdomo; mvua ikinyesha, subirini au mwandike ubaoni; na kila pesa inayotolewa itajwe, iandikwe, na ionyeshwe mtoaji kabla ya kuingia sandukuni.

Angalieni jambo hilo la tano. Halihitaji shilingi hata moja. Kama lingekuwapo katika mchezo wetu, zile thelathini zisingemfukuza mtu mwaminifu kwenye kazi yake.

NAMNA YA KUONGEA NAYE

Asiambiwe mbele ya watu. Aende mtu mmoja anayemheshimu, ikiwezekana mwanajeshi mwenzake. Asimwambie, "Wewe ni kiziwi." Amwambie, "Afande, bunduki zilitupiga sote. Mimi nilipimwa. Twende nikupeleke." Mkewe aende naye hospitalini, kwa sababu yeye ndiye atakayejifunza kuongea naye upya: kumgusa bega kwanza, kukaa mbele yake penye mwanga, kusema polepole bila kupayuka, na asipoelewa, kubadilisha maneno badala ya kurudia yale yale kwa hasira.

Na zile nyumba ambazo mume na mke wamekaa miaka bila kuongea, kila mmoja akidhani mwenzake amemchoka, zikumbushwe kwamba huenda shida si moyo. Huenda ni sikio.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu ni nani ameacha kuja mikutanoni? Je, tunajua sababu?
2. Tumewahi kumshuku mtu wizi au kiburi kumbe hasikii? Tutarekebishaje?
3. Hospitali ya karibu yenye mtaalamu wa masikio ni ipi? Nauli ni ngapi? Nani ataipigia simu?
4. Kikundi kinaweza kutenga kiasi gani kwa mwezi bila kuvuruga mzunguko wetu?
5. Kijana wetu aliye jeshini tutamwambia nini atakapokuja likizo?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi apime watu wawili wa nyumbani kwake kwa kipimo cha kunong'ona na kuleta majibu. Katibu alete bei ya betri na namba ya simu ya afisa wa Baraza katika kaunti yetu. Mwenyekiti amtembelee aliyefunga kitabu akaenda zake. Aende bila kitabu mkononi, na amsikilize kwanza.